Zaka ya shangazi yapanda hadi Dundori

Ramadhani ya mwaka 2024 ilikuwa imefika siku ya tano au ya sita shangazi yangu aliponiita nyumbani kwake, Mji wa Kale, Mombasa, akanitia mkononi bahasha iliyofungwa kwa uzi. Ndani yake mlikuwa na shilingi 22,500.

"Usizihesabu kuwa ni zangu," aliniambia. "Hizi ni za watu, zimekaa kwangu tu. Wewe wenda bara. Watafute wenyewe uwape."

Ndugu msomaji, hesabu ya zaka si jambo gumu. Shangazi alikuwa na fungu lake la urithi wa nyumba iliyouzwa, shilingi 1,700,000, nazo zilitimiza mwaka mzima wa Kiislamu zikiwa zimekaa. Kiwango ni thamani ya gramu 85 za dhahabu kwa wanaopimia dhahabu, au gramu 595 za fedha kwa wanaopimia fedha, na mali yake ilivuka vyote viwili. Katika kila shilingi mia hutoka mbili na nusu. Jumla ikawa 42,500. Hesabu hiyo mtoto wa chuoni ataifanya kwa kalamu ya risasi. Taabu huanza pale mtu anaposhika pesa mkononi na kujiuliza: nimpe nani?

Shilingi 20,000 shangazi alikwisha kuzitoa papo hapo mtaani, kwa wajane wawili na kijana mmoja mgonjwa. Zilizobaki alikuwa amezikusudia kwa jirani yake, mzee mmoja sharifu ambaye asili ya kwao ni Lamu. Mzee huyo alikuwa akiishi kwa kushona kofia mpaka macho yalipomwishia nguvu, na kanzu yake, wallahi, ilikuwa na viraka vingi kuliko kitambaa. Shangazi alimpelekea bahasha ile baada ya magharibi. Mzee akaipokea, akauliza ni nini, na alipoambiwa ni zaka akairudisha kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kikombe cha moto.

"Mwanangu," alisema, "hii si halali yangu. Ningeitaka, lakini si halali yangu."

Ndivyo ilivyo katika madhehebu yetu ya Shafi. Jamaa za Mtume, yaani kizazi cha Hashimu na cha Muttalibu, hawapewi zaka. Sharia iliwawekea sehemu yao katika khumsi ya ngawira. Sasa ngawira hakuna na khumsi hakuna, na ndiyo maana baadhi ya wanavyuoni, miongoni mwao Al-Istakhri katika Mashafi wa zamani, walisema kwamba wakinyimwa fungu lao hilo wanaweza kupokea zaka. Lakini kauli hiyo siyo iliyoshikwa na wengi, na mzee wa watu alikuwa akiijua vizuri kuliko mimi. Shangazi akarudi na bahasha yake, akakaa nayo siku mbili, kisha akanikumbuka mimi na safari yangu.

Nilikuwa nakwenda Dundori.

BARIDI NA VIAZI

Kwa msomaji ambaye hajapata kufika, Dundori iko katika kaunti ya Nakuru, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Nilipanda treni ya SGR hadi Nairobi, kisha matatu ya Nakuru kupitia Naivasha na Gilgil, nikateremka Lanet, kabla ya kuingia mjini. Hapo Lanet, penye kambi ya jeshi, barabara ya Dundori hukata upande wa kulia na kupanda, kupanda, mpaka masikio yazibe, na ukiifuata zaidi itakufikisha Ol Kalou. Mahala penyewe papo zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Kuna msitu wenye jina hilo hilo la Dundori, na ukungu wa asubuhi ambao sisi watu wa pwani tungeudhania moshi. Zamani hizi zilikuwa nchi za walowezi wa Kizungu. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 mashamba yale yakakatwakatwa na kupewa wananchi, wengi wao Wakikuyu. Wanalima viazi, kabichi, njegere na mahindi, na wanafuga ng'ombe wa maziwa. Makanisa ni mengi. Waislamu ni wachache.

Rafiki yangu, mwenyeji wangu huko, ni mmoja wa hao wachache. Yeye ni mtu wa Nakuru mjini, mtaa wa Bondeni, aliyepanda mlimani kutafuta riziki. Tulijuana Kongowea, alipokuwa akileta viazi sokoni kwa lori, vile viazi aina ya Shangi ambavyo ndivyo vinavyokaangwa karibu kila jikoni Mombasa. Huja katika yale magunia yaliyofumwa kilemba juu, ambayo wafanyabiashara huyaita "mukorino" kwa kuyafananisha na waumini wa dini ile ya vilemba. Serikali iliweka kanuni mwaka 2019 kwamba gunia la viazi lisipite kilo 50, lakini kilemba hakivuliwi kwa kanuni peke yake.

Nilifika alasiri. Baridi, mvua nyembamba, na saumu. Mkewe alitufuturisha kwa uji wa moto, viazi vya kuchemsha na mchuzi wa njegere. Hapana mbaazi za nazi, hapana mahamri. Nasema kweli, sikupata kufuturu vizuri kama siku ile.

Baada ya taraweh, ambayo tuliisali wanne katika chumba chake cha kuwekea mbegu, nilimweleza habari ya bahasha. Akafurahi. "Umekuja mahala pake," akasema. "Kesho nitakuzungusha."

WANANE WALIOTAJWA

Wenye haki ya zaka wametajwa katika Surat At-Tawba, aya ya 60, nao ni wanane: mafakiri, maskini, wanaoitumikia zaka kwa kuikusanya na kuigawa, wanaotiwa nguvu nyoyo zao, watumwa wanaotafuta uhuru wao, wenye madeni, walio katika njia ya Mwenyezi Mungu, na msafiri aliyekatikiwa njiani. Hapana wa tisa. Na katika hao, wa kutafuta uhuru hatunaye tena. Katika pwani yetu ya Kenya utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907. Wakusanyaji nao hawana fungu ikiwa mwenye mali anagawa mwenyewe au kwa kumtuma mtu. Hili nalitaja kwa sababu kuna msomaji atakayeuliza, je, nauli yako ya treni na matatu ulikata humo humo? Hasha. Mimi nilikuwa wakili wa shangazi, si mkusanyaji wa Imamu. Nauli ilitoka mfukoni mwangu.

Watu wengi hudhani fakiri na maskini ni mtu mmoja mwenye majina mawili. Kwa Imam Shafi wametengana. Fakiri ndiye mwenye hali mbaya zaidi: anahitaji kumi kwa siku, naye hana kitu, au ana mbili au tatu. Maskini ana saba au nane, lakini kumi hazifiki. Imamu Abu Hanifa aligeuza: kwake maskini ndiye aliyezama zaidi. Mashafi hutoa hoja yao katika Surat Al-Kahf, katika kisa cha Nabii Musa na Khidhri, pale chombo kilipotobolewa. Wenye chombo kile wameitwa maskini, na hali walikuwa wakifanya kazi baharini kwa chombo chao. Basi mtu anaweza kumiliki mtumbwi, au ngalawa, au cherehani, na akabaki kuwa maskini. Nadhani hoja hii mvuvi wa Vanga au wa Pate ataifahamu kabla sijamaliza sentensi.

Ndiyo maana pia mtu haambiwi auze nyumba anayoishi ndipo apewe zaka. Akiwa na kipande cha shamba ambacho mazao yake hayamtoshi, hukiacha shamba lake na kupewa kinachopungua.

KIJANA WA NG'OMBE

Asubuhi mwenyeji wangu alinipeleka kwanza kwa kijana mmoja anayekamua ng'ombe wa watu. Alikuwa amesilimu miezi minane nyuma. Nyumbani kwao walikuwa wamemwambia atafute pengine pa kulala, naye alilala katika kibanda cha maziwa, akilipwa kwa siku, na siku ya mvua kubwa halipwi. Alikuwa anafunga bila ya daku, kwa sababu hakuwa na jiko.

Huyu hakuwa na mgogoro. Ni maskini, na tena ni katika wale wanaotiwa nguvu nyoyo zao, ambao Mashafi humpa aliyeingia katika Uislamu hivi karibuni hata kama si maskini. Nilimhesabia shilingi 7,500. Akaniuliza, "Nitakuja kulipa lini, ustadhi?" Ikabidi nimweleze kwamba hili si deni wala si sadaka ya kumhurumia, ni haki yake iliyokuwa katika mali ya mtu asiyemjua. Hakuonyesha kuniamini sana. Alizikunja pesa akazitia ndani ya kiatu cha mpira.

Kisha wazee wawili wa mahala pale walituita kando. Walikuwa na kiwanja kidogo, wanataka mabati ya kuezekea chumba cha kusalia, na walikwisha kusikia kwamba kuna mgeni wa Mombasa amekuja na pesa za zaka. Maombi yao yalikuwa mazuri. Lakini zaka, kwa wengi wa wanavyuoni wa madhehebu manne, huwa ni ya mtu aimiliki. Na bati halimiliki kitu. Wako waliolipanua fungu la "njia ya Mwenyezi Mungu" likaingiza kila jambo la kheri. Sheikh Mahmud Shaltut wa Azhar alikwenda njia hiyo. Yusuf al-Qaradawi, katika kitabu chake kikubwa cha fikihi ya zaka, alilipanua pia lakini si kwa kiasi hicho: yeye alilitia kila juhudi ya kuutetea na kuusimamisha Uislamu, kwa silaha au kwa kalamu, asikubali kwamba kila jema linaingia. Mimi si mwanachuoni. Niliwaambia wazee wale kwamba nitawaombea mabati huku pwani, lakini si katika bahasha hii.

SIMU KWA MAALIM

Hapo nikaona afadhali nimpigie simu maalim wetu wa Mombasa, kwa kuwa roho yangu ilikwisha kuingia wasiwasi. Nilitaraji anipongeze. Badala yake aliniuliza swali moja tu: "Mali ya shangazi yako iko wapi?"

"Mombasa, Maalim. Benki."

"Basi na zaka yake ilikuwa ya maskini wa Mombasa. Nani aliyekwambia uipandishe mlimani?"

Nilikaa kimya. Na kweli, kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi ni kwamba zaka haihamishwi kutoka mji ulio na mali maadamu wenye haki wapo hapo. Dalili yao ni hadithi ya Muadh bin Jabal, alipotumwa Yemen na akaamriwa achukue kwa matajiri wa huko na kuwarudishia mafakiri wa huko huko. Na si hilo tu. Madhehebu yanataka zaka igawanywe kwa mafungu yote yanayopatikana, na katika kila fungu wasipungue watu watatu. Hebu fikiri, shilingi 22,500!

Maalim aliniacha nitoke jasho katika baridi ile, kisha akacheka. Akanieleza habari za Ibn Ujayl, mwanachuoni wa Yemen wa karne ya saba ya Hijria. Yeye alisema kwamba katika zaka kuna mambo matatu ambayo hutolewa fatwa kinyume cha madhehebu: kuihamisha, kulipa fungu moja peke yake, na kumpa mtu mmoja zaka ya mtu mmoja. Kauli hiyo imenukuliwa katika vitabu vya Mashafi waliokuja baadaye, na maalim zetu wa pwani, ambao silsila za elimu yao nyingi zimepita Hadhramaut, wameisoma na kuifanyia kazi. "Kama si Ibn Ujayl," Maalim alisema, "nusu ya Mombasa ingelazimika kutoa zaka mara ya pili. Endelea. Lakini mwakani anza na jirani."

Sikumkumbusha kwamba jirani alikuwa ni sharifu.

DENI LA MWENYEJI

Siku ya tatu tulipita kituoni, penye maduka. Mwenye duka la mbolea na dawa za mimea alitoka nje, akamsalimu mwenyeji wangu kwa heshima, akasema kwa sauti ya chini kidogo kuliko ilivyopasa, "Mzee, msimu wa kupanda umefika. Tutafanya nini na ile yetu?" Mwenyeji wangu akamjibu kwa Kikikuyu, na uso wake ukabadilika rangi.

Njiani hakusema neno. Jioni nilipombana ndipo nikaipata habari. Alikodi ekari mbili msimu uliopita, akachukua mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo. Ukungu wa viazi ukaingia shambani. Majani yakaungua kama yaliyomwagiwa maji ya moto, na kile kidogo alichovuna kilikutana na bei iliyoanguka. Deni la dukani lilikuwa shilingi 60,000. Juu yake kulikuwa na mikopo midogo ya simu, hiyo yenye riba, ambayo alikuwa akiilipa mmoja kwa mwingine.

Nikamwambia, "Na siku tatu wanizungusha kutafuta wenye haki!"

"Mimi nina ng'ombe," akasema. "Mimi si mtu wa kupewa zaka."

Hapa ndipo watu wetu wengi wanapokosea, na kosa lenyewe ni la wema. Mwenye deni ametajwa peke yake katika aya. Hakuambiwa awe hana ng'ombe. Aliyekopa kwa haja yake ya halali, muda wa deni ukafika, naye hana cha kulilipa bila ya kujiangusha katika ufakiri, basi ana fungu lake. Aliyekopa kwa maasia hapewi mpaka atubie. Na tafauti nyingine inapendeza: anayedai kwamba ni fakiri husadikiwa kwa kauli yake, hatakiwi kuleta shahidi wa njaa yake, lakini anayedai kwamba ana deni hutakiwa ushahidi, au mdai wake amkubalie. Kwa mwenyeji wangu ushahidi ulikuwa umetoka wenyewe dukani na kutusalimu njiani.

Kuna na mwenye deni wa namna ya pili, ambaye sikumkuta Dundori lakini sikuacha kumfikiria nikiwa kule. Ni yule aliyejitwika deni kwa ajili ya kusuluhisha watu. Zamani za Waarabu mtu alikuwa akisimama kati ya makabila mawili, akasema, dia ya mtu aliyeuawa naibeba mimi, au mali iliyoharibiwa nitailipa mimi, ilimradi wasimwage damu. Huyo hupewa zaka ya kulipia deni lile hata akiwa tajiri. Sharia haikutaka mpatanishi afilisike kwa upatanishi wake.

Sasa itazame Nakuru. Sehemu hizi za Bonde la Ufa zilipatwa na mapigano ya kikabila mwaka 1992, tena baada ya uchaguzi wa 1997, na tena katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Januari 2008 mji wa Nakuru uliwaka, na uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukageuka kambi ya maelfu ya waliofukuzwa makwao. Tuseme mzee mmoja Mwislamu katika siku zile angalikopa pesa kulipia ng'ombe walioibwa, ili vijana wa upande huu wasiwavamie wa upande ule. Angalikuwa na haki katika zaka za Mombasa, mwenye nyumba ya ghorofa au asiye nayo. Nimesikia hotuba nyingi za zaka katika maisha yangu. Fungu hili halikutajwa katika hata moja.

Mwenyeji wangu alikataa mpaka usiku. Mkewe ndiye aliyemaliza mambo. Aliweka kikombe cha chai mbele yangu, akamgeukia mumewe: "Juzi ulimwambia yule kijana apokee kwa kuwa ni haki yake. Au haki ni ya vijana?" Asubuhi tukaenda dukani wote wawili. Kwa kuwa Mashafi wanataka idhini ya mdaiwa kabla ya kumlipa mdai wake moja kwa moja, nilimwuliza mbele ya kaunta, akaitikia kwa kichwa, nikahesabu 15,000. Tulianza na deni la duka kwa makusudi, kwani halikuwa na riba. Mwenye duka, ambaye ni Mkristo, aliniuliza pesa hizi zimetoka chama gani. Nikamwambia zimetoka kwa shangazi yangu.

SHOSHO

Bahasha ikawa tupu, na hapo ndipo nilipokutana na yule ambaye ningalitaka kumpa tangu mwanzo.

Nyumba ya pili kutoka kwa mwenyeji wangu anakaa bibi mmoja mzee, mjane, wote humwita Shosho. Analea wajukuu watatu katika chumba cha mbao ambacho upepo wa msituni hupita humo bila hodi. Siku nilipofika, ni yeye aliyeniletea kuni, akasema mtu wa bahari hawezi kulala Dundori bila moto. Hakuna mtu mwenye dhiki kumshinda katika mahala pale. Ukitaka fakiri kwa tafsiri ya Shafi, wa kumi kwa mbili, huyo hapo. Naye ni Mkristo, na kila Jumapili huenda kanisani kwa miguu.

Wengi wa wanavyuoni wanasema zaka ya mali hapewi asiyekuwa Mwislamu, kwa hadithi ile ile ya Muadh. Abu Hanifa aliruhusu zaka ya fitri. Wako wanaosema anaweza kuingizwa katika fungu la kutiwa nguvu nyoyo, kwa matumaini kwamba atasilimu. Mashafi hawakubali, na mimi kwa upande wangu nilifurahi kwamba hawakubali. Kumtazama mwanamke aliyeniletea kuni na kuhesabu moyo wake unauzwa kwa shilingi ngapi, hilo nisingeliweza. Na kuna kisa cha Sayyidna Umar, alichokitaja Abu Yusuf katika kitabu chake cha kharaj: alimkuta mzee wa Kiyahudi akiomba mlangoni, akamchukua, akaamuru apewe katika hazina ya Waislamu, akasema huyu ni katika maskini wa watu wa Kitabu. Wanavyuoni wamekijadili kisa hicho kwa namna mbalimbali. Hata hivyo hakuna aliyesema Umar alimpita mzee yule.

Ama sadaka ya hiari, mlango wake u wazi kwa kila mtu. Bibi Asma binti Abu Bakr alimwuliza Mtume kuhusu mama yake, ambaye alikuwa bado mshirikina, akaruhusiwa kumtendea wema. Kwa hivyo nilitoa nilichokuwa nacho mfukoni, nikabakisha nauli, nikampigia simu shangazi. Nikamweleza habari ya Shosho. Aliniuliza, "Ana wajukuu wangapi?" Baada ya dakika chache simu yangu ikalia: shilingi 3,000 kwa M-Pesa. Kisha ikalia tena. "Na elfu tatu nyingine nimempelekea sharifu," alisema. "Nimemwambia ni zawadi ya Ramadhani. Hiyo ameipokea, na amenicheka."

Swali hili la Shosho lilinifuata hadi nyumbani. Tarehe 29 Aprili mwaka huo huo, mvua kubwa zikiendelea, maji yalivunja kingo usiku na kushuka juu ya vijiji vya Mai Mahiu, upande wa kusini wa kaunti hiyo hiyo ya Nakuru, yakaua watu zaidi ya 40. Baada ya sala ya Ijumaa vijana wa mtaani walikuwa wakichanga, na mmoja akauliza kama aweke zaka yake katika kapu lile. Maalim akamwambia aweke makapu mawili. Lile la zaka litafutiwe Waislamu walioathirika, na lile la sadaka lisiulize dini ya mtu. Nilikuwapo. Kapu la pili ndilo lililojaa kwanza.

MZIGO WA KURUDI NAO

Siku ya kuondoka, mke wa mwenyeji wangu alinifungia nusu gunia la viazi, Shangi safi, vya shamba dogo lililo nyuma ya nyumba. Shosho akaongeza kabichi mbili. Nilisafiri navyo mpaka Mombasa, navyo vilinisumbua zaidi kuliko bahasha ilivyonisumbua wakati wa kwenda.

Shangazi aliviona viazi, akauliza vimetoka wapi, nikamwambia. Akavisogeza kando kwa mguu. "Hawa si ndio tuliowapa zaka? Sasa zaka yanirudia jikoni? Sitavila hivi."

Basi jioni nikarudi tena kwa Maalim, ambaye kwa wakati huo nadhani alikwisha kuchoka na familia yetu. Akanitajia hadithi ya Barira, yule mwanamke aliyeachwa huru na Bibi Aisha. Barira alipewa nyama ya sadaka, akawaletea nyumbani kwa Mtume, na watu wakasita kumwekea kwa kuwa Mtume hali sadaka. Mtume akasema kwamba kwa Barira ile ilikuwa sadaka, lakini kutoka kwake kuja kwao ni zawadi. "Na hivyo viazi," Maalim akaongeza, "hata havikununuliwa kwa pesa zenu. Mwambie shangazi yako asinunue kitu alichokitoa zaka, hilo ndilo linalochukiwa. Lakini aliyeletewa zawadi na ale."

Nilimfikishia. Alifikiri kidogo, akauliza kama ni Barira yule yule wa kisa cha Mughith, nikasema ndiye. Akaingia jikoni. Usiku ule tulifuturu viazi karai vya Dundori kwa ukwaju, na sahani moja iliyofunikwa kawa ilipelekwa nyumba ya jirani, kwa mzee sharifu.